Mchoraji wa gazeti na mtumbwi wa Kihagara

Najua nimepotea, na wale mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kublogu mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Kihagara kwa wiki mbili. Nimerudi Dar na jambo moja kifuani ambalo nisipoliandika halitanitoka. Si jambo la kitaifa, hakuna waziri ndani yake. Linahusu mchoro mmoja, shilingi 28,500, na neno "asante" nililolitamka mahali ambapo sikupaswa kulitamka.

Kwa wasioijua Kihagara: chukua ramani ya Tanzania, shuka kusini mpaka Songea, pinda magharibi kwenda Mbinga, kisha teremka milima ya Wamatengo mpaka maji yatokee mbele yako. Hilo ndilo Ziwa Nyasa. Siku hizi lami inafika mpaka Mbamba Bay. Sisi tuko kwenye mwambao huohuo. Zamani tulihesabiwa wilaya ya Mbinga, lakini tangu mwaka 2012 tuna wilaya yetu, Nyasa. Chakula ni ugali wa muhogo na samaki. Usiku wavuvi wanatoka na taa kutafuta usipa, na ukisimama ufukweni giza likishaingia utadhani ng'ambo ya pili kuna mji. Ukicheza mganda au ukitazama akina mama wakicheza kioda, ndiyo kwetu huko.

Sasa turudi Dar, maana kisa kilianzia kwenye chumba cha habari.

Mimi ni mwandishi wa gazeti, hilo mnalijua. Kabla ya kuajiriwa nilikuwa mwandishi wa kujitegemea kwa miaka miwili. Nikitoa habari ikachapwa, nalipwa. Isipochapwa, nauli niliyotumia kuitafuta ni ya kwangu na jua lililonipiga ni la kwangu. Kwa hiyo nilidhani nayajua maisha ya kujitegemea. Siku nilipopata ajira nikasahau haraka sana, kama mtu anavyosahau njaa baada ya sahani ya pili.

Gazetini kwetu kuna mchoraji. Nikisema kuna, nakosea kidogo, kwa sababu hana meza, hana kitambulisho, na jina lake haliko kwenye orodha ya mishahara. Yeye ni mchoraji wa kujitegemea. Kazi ikiwepo anaitwa. Umri wake unakaribia miaka arobaini, mimi namwita kaka, yeye ananiita mdogo wangu. Anakaa Temeke, chumba na sebule, na sebule ndiyo ofisi. Hachori zile katuni za ukurasa wa maoni zinazowachokoza wakubwa. Kazi yake ni ile michoro inayokaa katikati ya makala: makala ya mirathi, mchoro wa ndugu wanaovutana kwenye hati ya nyumba, makala ya mikopo ya mtandaoni, mchoro wa simu yenye meno. Wewe msomaji unaitazama sekunde mbili, unaelewa makala inahusu nini, unaanza kusoma. Hizo sekunde mbili ndiyo kazi yake.

Nikueleze siku yake inavyokwenda, maana nimeishuhudia. Simu inaingia saa tisa alasiri. "Kaka, kuna makala ya kesho, tunaomba mchoro kabla ya saa kumi na mbili." Anatumiwa makala yote kwa WhatsApp, kwa bando lake. Anaisoma mpaka mwisho, na ninapenda kulisema hili kwa sababu mimi nawajua wahariri wasiosoma makala mpaka mwisho. Halafu anachora michoro midogo mitatu kwa penseli, kila mmoja saizi ya kiberiti, anaipiga picha, anaituma. Mhariri anachagua mmoja au anasema yote mitatu haijamkaa. Akishachagua, mchoraji anauchora upya mkubwa kwa wino, anauingiza kwenye kompyuta, anatia rangi, anatuma. Saa kumi na mbili kasoro anaambiwa mwanamke wa kwenye mchoro aondolewe hereni. Anaziondoa. Saa moja anaambiwa zirudishwe.

Malipo ni shilingi 30,000 kwa mchoro mkubwa. Kabla hazijamfikia inakatwa kodi ya zuio asilimia 5, zinabaki 28,500. Na hizo zinalipwa kwa mchoro uliochapwa. Uliochorwa tu haulipwi. Tafadhali lishike hilo.

Ili mwezi uishe anafanya na mengine. Anachora mabango ya kunawa mikono kwa mashirika, vitabu vya watoto wa chekechea, kadi za harusi, maandishi ya ukutani kwenye maduka. Nilidhani ni kwa sababu hajafanikiwa, mpaka nilipowatazama waliofanikiwa. Masoud Kipanya, ambaye kile kipanya chake anakijua hata mtoto, miaka mingi tumemsikia pia redioni asubuhi, na mwaka 2022 akatuonyesha gari la umeme. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mtoto wa Dar es Salaam, aliyaacha masomo ya usanifu majengo pale Ardhi akaenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea Nation. Akachora pale kwa zaidi ya miaka ishirini akawa jina la Afrika nzima. Mwaka 2016 mkataba wake haukuongezwa. Kama kalamu ya Gado inaweza kuambiwa asante kwaheri, ya kaka yangu wa Temeke itaambiwa nini?

Halafu kuna mambo yasiyomhusu kabisa ila yanamwangukia. Mwaka 2017 magazeti yalipofungiwa, MwanaHalisi miezi 24, Raia Mwema siku 90, Tanzania Daima siku 90, wote tulizungumzia waandishi. Ilikuwa sawa kuzungumza. Lakini mtu ambaye hakuwa ameajiriwa hakuhesabiwa hata kwenye idadi ya waliokosa kazi. Simu yake tu iliacha kuita saa tisa alasiri. Hiyo aliniambia mwenyewe, wala hakuisema kwa kulalamika.

Basi bwana, nikaandika makala. Nilitaka kuandika kitu cha nyumbani, na nyumbani tuna kisa kimoja kitamu. Liuli, jirani zetu wa mwambao, Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu pana jiwe ziwani linalofanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo pale Liuli kwa matengenezo. Kutoka kusini, upande wa Waingereza, ikaja meli ya Gwendolen chini ya Kamanda Rhoades, ikafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, walikuwa wakinywa pamoja. Habari ya vita kuanza Ulaya ilikuwa haijamfikia. Akaingia kwenye mashua kwa hasira, akapiga makasia kumfuata rafiki yake amuulize ana wazimu gani, au amelewa. Akaambiwa kuna vita na wewe ni mateka. Magazeti ya London yakaandika ushindi wa jeshi la majini kwenye Ziwa Nyasa.

Kisa kama hicho mwandishi gani atakiacha? Nikakiandika maneno 1,200, nikakitia chumvi kidogo, nikajisikia. Mhariri akakipenda. Picha ya tukio hakuna, akasema apigiwe mchoraji.

Saa tisa na nusu simu yangu ikaita.

"Mdogo wangu, hongera kwa makala. Nina maswali."

"Uliza tu kaka."

"Hilo jiwe, ukiwa ziwani unatazama nchi kavu, liko upande gani wa meli?"

Nikanyamaza. Nimepita Liuli mara nyingi, lakini sikuwahi kujiuliza chelezo kilikuwa wapi.

"Haya. Meli iko kwenye chelezo. Kuna reli? Kuna magogo? Nani waliivuta mpaka juu?"

Sikujua.

"Sawa. Siku hiyo pwani kulikuwa na watu? Maana humu kwenye makala nimewaona watu wawili tu, Rhoades na Berndt. Mzinga ulipolia, babu zako walikuwa wapi?"

Ndugu zangu, nilikaa kwenye kiti changu cha ofisi nikasikia joto la uso. Nimezaliwa kwenye mwambao ule. Nimeandika vita iliyopiganwa mbele ya nyumba za babu zangu, na sikumweka hata mmoja wao. Nilikisoma kisa kwa Kiingereza, nikakihamisha kama kilivyo, pamoja na macho ya waliokiandika. Mtu wa Temeke ambaye hajawahi kuliona Ziwa Nyasa ndiye aliyeona pengo.

Nilipolifikiria baadaye nikaona tofauti ya kazi zetu. Mimi nikiwa sijui kitu, naandika "inasemekana", au "baadhi ya wakazi", sentensi inasonga na hakuna anayeshtuka. Yeye hana "inasemekana". Penseli ikifika mahali pa mtumbwi lazima ichore mtumbwi, na mtumbwi una urefu, una upana, una mtu aliyekaa kwa namna fulani. Asipojua itaonekana. Kwa hiyo lazima aulize.

Jioni ile akanitumia mchoro mdogo wa kwanza. Mzuri kweli. Mbele wavuvi wawili wanaonekana mgongoni, wanatazama. Mbali meli inafuka moshi. Ila chombo chao kilikuwa ngalawa, na yale magogo mawili ya pembeni na tanga lake, kama unazoziona Kigamboni. Nikacheka, nikampigia babu yangu Kihagara.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu, hujambo? Kuna msiba?"

"Hakuna babu. Nataka kujua mtumbwi wetu ulivyo."

Akanyamaza kidogo, nadhani akijiuliza Dar imenifanya nini. Halafu akaeleza. Mtumbwi wa kwetu ni gogo moja lililochongwa. Mdomo wake wa juu ni mwembamba, tumbo ndilo pana. Mvuvi hakai ndani kama mtu aliyekaa kwenye beseni, anakaa juu ya kingo, miguu ndiyo inaingia ndani. Ndiyo maana mgeni akipanda anaanguka. Nikamuuliza kafi inashikwaje. Akaniambia. Nikamuuliza nyavu zinawekwa wapi. Akaniambia, kisha akauliza kama gazeti limeanza kuvua samaki.

Nikayapeleka yote Temeke. Mchoraji akachora mara ya pili, nikamtumia babu kupitia simu ya binamu yangu, babu akasema mtu wa nyuma amekaa mbele mno, mtumbwi utazama. Akachora mara ya tatu. Kazi ya shilingi 28,500 ilichukua siku mbili. Nami nikairudia makala yangu, nikaongeza aya mbili za watu wa pwani, ambazo leo naziona ndizo aya pekee zenye maana ndani yake.

Ijumaa jioni likaingia tangazo la ukurasa mzima. Makala ikatolewa.

Hapa simlaumu mtu, na wala gazeti silitaji. Tangazo ndilo linalolipa mshahara wangu, nalijua hilo. Wanunuzi wa gazeti la karatasi wamepungua, kila mtu anasoma vichwa vya habari kwenye simu. Makala ya vita ya mwaka 1914 inaweza kusubiri, haiozi. Tatizo ni nani anayesubiri nayo. Makala ilikaa kwenye foleni wiki kumi na moja. Katika wiki hizo mimi nilipokea mshahara mara mbili, na mara ya tatu ilikuwa mlangoni. Mchoraji hakupokea kitu, kwa sababu mchoro haujachapwa. Alinitumia ujumbe mara moja tu: "Mdogo wangu, ile ya ziwa vipi?" Nikajibu: "Bado kaka, itatoka." Nikarudi kwenye shughuli zangu. Kumwendea mhariri nikasema huyu mtu amefanya kazi siku mbili, alipwe, ingenigharimu nini? Dakika tano na aibu kidogo. Sikwenda. Nilikuwa mgeni kwenye ajira, nilitaka nionekane mtu asiye na matatizo.

Wiki ya kumi na moja nafasi ikapatikana. Kwenye kikao kijana mmoja wa kusanifu kurasa, hodari sana, akasema mchoro atautengeneza mwenyewe kwa akili mnemba, dakika moja. Na kweli akaandika maneno, dakika haikuisha, picha ikatoka. Inang'aa, mawingu ya dhahabu, maji kama kioo. Mbele kulikuwa na jahazi lenye tanga la pembe tatu. Kosa lilelile la mchoro wa kwanza wa Temeke, ila mashine haikuuliza swali hata moja. Haikumpigia mtu simu. Haikutaka kujua babu zangu walikuwa wapi.

Siku ile angalau nilifungua mdomo. Nikasema mchoro tunao, umeshachorwa, na uko sahihi. Mhariri akanitazama, akasema, "Tukiutumia huo inabidi tulipe." Akafikiri. Akasema utumike.

Ukachapwa. Asubuhi nikalifungua gazeti kwa furaha, nikaona kitu. Jina langu juu, kwa herufi nene. Jina la mchoraji hakuna. Kwa kawaida yeye huandika sahihi yake ndogo kwenye kona ya chini kulia, lakini mchoro ulikuwa mrefu kuliko nafasi, ukakatwa chini ili tangazo la benki lipate kukaa. Sahihi ikaenda na kipande kilichokatwa. Hakuna aliyekusudia. Ndivyo ilivyotokea tu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kudai jina lake litajwe kwenye kazi yake, na inailinda kazi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Vizuri sana. Sasa niambie mtu anayesubiri 28,500 ataanzia wapi kudai.

Tena si jambo la leo. Muulize mzee wako kuhusu Chakubanga wa gazeti la Uhuru, atacheka kabla hujamaliza swali. Muulize nani alimchora. Christian Gregory, lakini wangapi watakujibu? Waliosoma jarida la Sani wanawakumbuka Ndumilakuwili na Lodi Lofa kama watu wa mtaani kwao. Philip Ndunguru, mmoja wa walioliinua jarida lile miaka ya 1980, alifariki angali kijana, na wahusika wakaendelea kutembea kwa mikono ya wengine. Ndunguru ni jina ambalo kwetu Mbinga liko kwenye kila daftari la mahudhurio ya shule. Mimi mwenyewe nimewajua Ndumilakuwili na Lodi Lofa tangu utotoni, jina la Ndunguru nikalikuta nikiwa chuo kikuu, kwenye maktaba.

Sasa nifike kwenye lile neno.

Nilipofika Kihagara mwezi uliopita, nilikuta ukurasa ule umebandikwa ukutani sebuleni kwa babu, umeanza kuwa wa njano. Binamu yangu ndiye aliyeununua Mbinga siku ile. Jioni wazee watatu walikuja kunisalimia. Tukakaa, wakaletewa chai, mmoja akasimama kwenye ukuta na miwani yake. Makala yangu hakuisoma hata mstari. Aliutazama mchoro. Akaweka kidole kwenye mvuvi wa nyuma.

"Huyu aliyefanya hivi amekulia humu ziwani," akasema. "Tazameni anavyokaa. Tazameni mguu."

Wengine wakaja kutazama. Wakaanza kubishana kama mtumbwi ule ni wa mtu mmoja wanayemjua. Mmoja akasema baba yake alimsimulia kwamba alivyosimuliwa na wakubwa zake, siku ya mzinga wa Liuli watu walikimbilia mashambani. Kisa changu chote cha maneno 1,200 hakikuwahi kumfanya mzee yeyote aseme kitu kama hicho. Mchoro ulimfanya.

Halafu yule mwenye miwani akanigeukia. "Ni wewe uliyefanya hii?"

Jina lililokuwa juu ni la kwangu. Wote walikuwa wananitazama, na babu anatabasamu kwa fahari. Nikasema, "Ndiyo mzee. Asante."

Unaweza kunitetea. Unaweza kusema "hii" ni ukurasa, na ukurasa ni wangu. Mimi mwenyewe nilijitetea hivyo kitandani usiku ule, nikisikiliza mawimbi. Haikusaidia. Nilijua alikuwa ameweka kidole wapi alipouliza.

Asubuhi nikamfuata babu alipokuwa ametoka nje. Nikamwambia babu, jana nilidanganya. Mchoro ule si wangu. Amechora kaka mmoja wa Dar, hajawahi hata kuliona ziwa.

Babu hakushtuka. Akafikiri, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana ulinisumbua kwa maswali ya mtumbwi."

"Ndiyo babu. Yalikuwa maswali yake."

"Basi ni mtu anayejua kuuliza," akasema. "Waambie wazee mwenyewe." Akaendelea na shughuli zake.

Nikawaambia. Mwenye miwani alicheka, akasema mwambie aje, tumpandishe mtumbwi tuone kama anajua kukaa kama anavyochora.

Nimerudi Dar na mfuko wa usipa wakavu, nikaupeleka Temeke. Nikamsimulia yote, hata sehemu ya "asante". Nilidhani atakasirika. Aliuliza kitu kimoja: "Mguu waliuonaje?" Nikamwambia mguu ndio uliowafanya wasimame. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamwita mkewe atoke chumbani aje asikie, nikarudia mara ya tatu.

Nikamuuliza kuhusu hela. Zilikuwa zimeingia baada ya kwenda kwa mhasibu mara nne, mara ya mwisho akaambiwa vocha imepotea akaandika nyingine. Nauli ya mara nne kutoka Temeke piga mwenyewe hesabu. Nikamuuliza kwa nini asiache. Akasema kadi za harusi zinamlipa vizuri zaidi, na huenda mwakani atabaki na kadi tu. Alisema kama mtu anayesema huenda kesho mvua itanyesha. Sikuwa na jibu. Mimi sina uwezo wa kupandisha malipo ya mtu. Ila tangu wiki iliyopita nimefanya mawili madogo: nimemwendea mhariri nikaomba mchoro ulipwe ukishakubaliwa, usisubiri kuchapwa, naye akasema ataliangalia, na nimekubaliana na yule kijana wa kusanifu kurasa kwamba makala yangu yoyote yenye mchoro, jina la mchoraji likae chini ya jina langu, kwa herufi za kawaida tu. La pili limeshaanza. La kwanza nalifuatilia, safari hii sitanyamaza wiki kumi na moja.

Nikamwambia pia nataka kuandika hapa, na nitaweka jina lake kamili, watu wamjue. Nilidhani nampa zawadi.

"Usiniandike jina mdogo wangu," akasema. "Gazetini sawa, ni kazi. Lakini kwenye hii habari ya malipo, hapana. Bado naomba kazi mlemle."

Kwa hiyo mmesoma makala nzima ya kulalamika kwamba mchoraji hatajwi jina, na mimi sijamtaja. Nisameheni, na yeye anisamehe. Kesho ukinunua gazeti, au hata ukiliazima kwa muuzaji kama wengi wetu tunavyofanya, tazama kona ya chini ya mchoro kabla hujafunua ukurasa. Kukiwa na sahihi, isome.

Haya, tuonane wiki ijayo. Usipa wamebaki kidogo, wa kwanza kufika ndiye atakayewala.